Risasi Inasimama kwa Mdomo Wake

(Mazungumzo ya fundi mmoja wa silaha mbele ya wanachama wa klabu ya kulenga shabaha jijini Nairobi, yaliyoandikwa kutoka kwenye rekodi na kupunguzwa kidogo.)

Mwenyekiti, katibu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana wa safu ya nyuma mnaodhani sijawaona na simu zenu, hamjambo.

Kabla ya lolote. Hapa mezani kuna mitutu mitano, mitutu mitupu iliyotolewa kwenye bastola zake. Bastola zenyewe ziko kwenye sefu na ufunguo anao katibu. Risasi hizi mnazoziona ni za kufundishia: ganda lipo, kichwa kipo, lakini ndani hakuna baruti na kwenye kitako hakuna fataki ya kuiwasha, pametobolewa tundu. Nimezikagua mimi, katibu akazikagua baada yangu, na bado nitazishika kama vitu vinavyouma. Ndivyo nilivyofunzwa ujanani na sitaanza ukaidi uzeeni.

Sasa tulieni kidogo. Nachukua huu mtutu wa milimita tisa. Mdomo wake unatazama chini, chemba, kile chumba cha nyuma risasi inapokaa, inatazama juu. Naachia risasi iingie yenyewe, sisukumi.

Tok.

Mmesikia? Wa nyuma mmesikia? Nageuza mtutu, na risasi imeteleza yenyewe ikaanguka kiganjani. Basi huo mlio ndio hotuba yangu ya leo. Ningeketi sasa hivi, ila mwenyekiti amenipa saa nzima na naona chai bado haijachemka.

Nawauliza: ile risasi ilipoanguka na kulia tok, ilisimama juu ya nini? Mbona haikupitiliza ikatokea upande wa pili? Nimewauliza watu wengi swali hili, wengine wamebeba bastola miaka ishirini, na wengi hunijibu, "Imebanwa tu, fundi." Haijabanwa. Kama ingebanwa isingeanguka nilipogeuza. Imesimama mahali, na mahali hapo pana kipimo. Mafundi tunakiita hedispesi. Ni umbali wa kutoka uso wa slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele, pale kitako cha risasi kinapoegemea, hadi pale ndani ya chemba panapoikataza risasi kuendelea mbele. Umbali huo ukiwa mfupi mno, slaidi haifungi. Ukiwa mrefu mno, risasi inabaki ikicheza mbele na nyuma kama jino la mtoto.

Silaha tofauti huisimamisha risasi kwa njia tofauti. Bastola ya mzunguko, ile rivolva ya .38 Special, risasi yake ina ukingo kwenye kitako, kama kichwa cha msumari kinavyouzuia msumari usizame wote ubaoni. Hapo hakuna fumbo, unaliona kwa macho. Bunduki kama .308 risasi yake ina mabega kama chupa ya soda, na mabega ndiyo yanayokutana na chemba. Halafu kuna zile zenye mshipi kiunoni, kama .375 Holland & Holland ya mwaka 1912. Wazee waliowahi kufanya kazi na wawindaji kabla uwindaji haujapigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977 wanaikumbuka, na bega lao la kulia linaikumbuka zaidi.

Risasi za bastola zetu hizi za kujikoki zenyewe hazina ukingo wa kutegemea, hazina mabega, hazina mshipi. Ganda limenyooka. Ukingo wa kitako haukuzidi upana wa ganda, na kuna sababu: risasi zinapopangwa moja juu ya nyingine ndani ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kingo zilizotokeza hung'ang'aniana, ya juu ikakataa kutoka kwa kuwa ya chini imeishika. Kwa hiyo ukingo ukaondolewa. Lakini ukiondoa ukingo lazima uniambie risasi itasimama kwa nini.

Inasimama kwa mdomo wake. Mdomo wa ganda, pale kichwa cha risasi kinapochomoza. Ndani ya chemba, mbele kabisa, kuna kangazi kadogo kamechongwa kuzunguka, na mdomo wa ganda unakaa hapo kama kikombe kilichofunikwa juu ya sahani.

Georg Luger, yule fundi wa Austria aliyefanyia kazi kiwanda cha DWM kule Berlin, risasi yake ya kwanza ya milimita 7.65 ilikuwa na mabega kama chupa. Wanajeshi wakataka kichwa kinene zaidi. Akaifungua ile shingo, ikawa pana, akapata risasi ya milimita tisa. Jeshi la maji la Ujerumani likaichukua mwaka 1904, la nchi kavu mwaka 1908, na leo nusu ya watu waliomo humu ukumbini wanayo kiunoni au kwenye sefu. Alipata unene aliokuwa akiutaka, lakini mabega yakaenda na shingo. Tangu siku hiyo risasi ya milimita tisa imekuwa ikisimama kwa mdomo, na dunia nzima ikanyoosha kalipa zake, vile vipimio vya mafundi, hapo.

Sasa nataka muone udogo wa kitu ninachokisema. Nani anipe ile karatasi ya ajenda? Asante. Karatasi hii ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mdomo wa ganda la milimita tisa, ule ukuta wa shaba, una unene kama wa karatasi tatu. Kangazi kanakosimamisha risasi yako hakazidi hapo. Karatasi tatu, kuzunguka tundu. Kila mara slaidi inapoisukuma risasi mbele kwa kishindo, hiyo ndiyo breki.

Na vipimo vyenyewe. Wamarekani wana chama chao cha watengenezaji, SAAMI, kilichoundwa mwaka 1926, na Ulaya wana tume yao ya kudumu yenye makao Brussels, iliyoanza mwaka 1914. Hawa ndio wanaoandika ganda liwe na urefu gani na chemba iwe na kina gani. Kwa vipimo vya Marekani, ganda la milimita tisa lisizidi milimita 19.15 wala lisipungue 18.90. Chemba yake ianzie 19.15 na isipite 19.71. Angalieni vizuri: ganda refu kuliko yote linaenea kwenye chemba fupi kuliko zote, hakuna hata nywele iliyobaki. Lakini ganda fupi likikutana na chemba ndefu, unapata nafasi ya milimita 0.81. Karatasi nane. Na bado kila kitu ni halali, hakuna aliyekosea. .45 ACP iko vivyo hivyo, ganda lisizidi 22.81, chemba kati ya 22.81 na 23.37.

Kwa hiyo mtu akija kwangu akisema, "Fundi, risasi zangu zinacheza kidogo ndani ya chemba, nimepimiwa na rafiki," simkimbilii kwa nyundo. Kucheza kidogo kumo kwenye mpango. Bila nafasi hiyo, vumbi la uwanja, masizi ya baruti na mchanga vingeifanya slaidi ikatae kufunga katikati ya mashindano, nanyi mngekuja kunilaumu.

Sasa niwaambie jambo linalofanya somo hili liwe gumu kwa watu wa bastola. Bastola inaficha. Bunduki yenye hedispesi mbaya hukwambia. Sehemu ya mbele ya ganda inagandamana na ukuta wa chemba, ya nyuma inavutwa kurudi, shaba inanyooka hadi unaona mstari unaong'aa kuzunguka kiuno cha ganda, na siku moja linakatika. Bastola haifanyi hivyo mara nyingi. Ganda lake ni fupi na limenyooka, likipigwa linateleza lote pamoja kurudi nyuma. Na juu ya hapo kuna kulabu.

Kulabu ni kile kijino kilicho ubavuni mwa slaidi, kazi yake kulivuta ganda tupu litoke. Risasi inapopanda kutoka magazini, kitako chake hupenya chini ya kulabu na kulabu huikumbatia. Sasa chukulia chemba yako imechimbwa kina kupita kiasi, au ganda ni fupi mno. Mdomo haugusi kangazi. Risasi ilipaswa kuzama mbele. Lakini kulabu imeshika kitako, ikaning'iniza risasi hewani kama mzazi aliyemshika mtoto ukosi wa shati. Pini inapiga, fataki inawaka, risasi inakwenda. Wewe unafurahi. Unasema bastola nzima. Kumbe kazi ya chuma cha chemba inafanywa na kijino kisichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Nilikuwa bado kijana kwenye karakana ya duka moja la silaha lenye leseni, mimi ni mtu wa leith hasa, ile mashine ya kukereza chuma, bastola nilizijia baadaye. Akaja mfanyabiashara mmoja, mtu mzito, suti, akaweka bastola yake ya milimita tisa kaunta baada ya kuifungua mbele yetu kama inavyotakiwa. Akasema, "Fundi, hii kitu inanikataa. Nikipiga kumi, tatu hazitoki. Na zikitoka, nakoki kwa mkono kila mara."

Nikamuuliza kama ana maganda aliyopiga. Alikuwa nayo kwenye bahasha, namshukuru mpaka leo, maana wengi huyaacha uwanjani. Nikayamwaga juu ya kitambaa. Yalikuwa yamevimba, mawili yamepasuka ubavuni, mdomo mmoja umefunguka kama ua. Nikachukua kalipa nikapima urefu wa moja lililobaki zima. Milimita 17 na ushee. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Nikamwomba boksi la risasi.

Boksi lilikuwa limeandikwa 9 mm Kurz.

Mnajua, hili neno "milimita tisa" limewahi kupewa risasi nyingi sana, ni kama jina la Juma. Ile tuliyoizoea ni milimita tisa Luger, au Parabellum, au 9x19. Hiyo Kurz ni neno la Kijerumani, maana yake fupi. Waitaliano wanaiita Corto, Wamarekani wanaiita .380 Auto, kwingine utaikuta 9x17. Risasi ni ileile moja. Na kuna ya Makarov, 9x18, hiyo haiko huku wala kule, hata kichwa chake ni kinene zaidi. Bwana yule aliona tisa, akaona milimita, akalipa. Aliyemuuzia naye aliona tisa.

Hebu pigeni hesabu wenyewe. Ganda la 17.27 ndani ya chemba iliyochimbwa kwa ajili ya 19.15. Linakosa kangazi kwa karibu milimita mbili. Kama si kulabu, risasi ingezama, pini ingepiga hewa. Zile tatu katika kumi zilizokataa zilikuwa zimeiponyoka kulabu, na hizo ndizo zilizokuwa zikisema ukweli. Zile saba zilizotoka ndizo zilizokuwa zikidanganya. Yeye alikuja kulalamikia tatu.

Na kwa nini maganda yalivimba? Risasi inapolipuka, ganda hutanuka likabana ukuta wa chemba kama gasketi, moto usirudi usoni mwako. Kikomo cha presha ya milimita tisa Luger ni psi 35,000, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina 35 hivi, kwa hiyo ni mara elfu moja. Hiyo Kurz ina presha ndogo zaidi, na bado ni ya kupasua shaba, na ganda lake ni jembamba kuliko chemba ya Luger. Lilikosa ukuta wa kuegemea, likatanuka mpaka likachoka. Alikuwa na bahati. Ukinirudia kwa kunionyesha video ya mtu wa ng'ambo akipiga risasi fupi kwenye bastola ya risasi ndefu na haikumpasukia, nitakwambia hata yule bwana wa suti haikumpasukia.

Watu wa .40 wana ugonjwa wao. Risasi ya .40 Smith & Wesson ni ile ya milimita kumi iliyokatwa ikawa fupi, na wapo wanaoiweka kwenye bastola ya milimita kumi, kwa sababu upana ni uleule na kulabu inashika. Jibu langu kwao ni lilelile.

Nije kwenye hadithi ninayoipenda, na wale mnaopiga IPSC, yale mashindano ya bastola ya kulenga kwa kasi, mtaipenda pia. .38 Super. John Browning, yule mbunifu wa silaha wa Marekani, alikuwa ametengeneza risasi ya .38 kwa ajili ya bastola ya kiwanda cha Colt ya mwaka 1900. Ukingo wake hakuuondoa wote, aliacha umechomoza kidogo sana, nusu ukingo. Hedispesi ikakaa hapo, kwenye kale kachomozo. Mwaka 1929 Colt wakaongeza nguvu ya risasi hiyo wakaiita Super .38. Ilikuwa enzi ya majambazi wa magari kule Marekani, polisi walitaka kitu cha kupenya mlango wa gari. Ilipenya. Lakini haikulenga. Kwa miaka mingi risasi hii ilikuwa na sifa ya nguvu nyingi na shabaha mbaya, watu wakasema ndivyo ilivyoumbwa, wakahamia .45.

Sasa fikirieni kile kinusu ukingo kimesimamia nini. Nyuma ya mtutu wa bastola si duara kamili. Chini kumechongwa njia ya risasi kupanda, juu kuna ulimi wa mtutu. Kale kachomozo kalipata chuma cha kuegemea sehemu ndogo tu ya duara. Risasi ikawa inakaa kama mtu kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, leo imeinamia huku, kesho kule. Kichwa kinaingia kwenye mifuo ya mtutu, ile mifereji ya ndani, kikiwa kimepinda kidogo. Kidogo tu, lakini mita ishirini na tano mbele kile kidogo kimekuwa kiganja kizima.

Akatokea mtengeneza mitutu wa Marekani, Irv Stone wa Bar-Sto. Yeye aliichimba chemba ya .38 Super kama inavyochimbwa ya .45, risasi isimame kwa mdomo, ule ukingo usiguse kitu. Risasi ni ileile, baruti ileile, bastola ileile. Matundu kwenye karatasi yakakusanyika. Risasi iliyokuwa imehukumiwa tangu 1929 ikawa kipenzi cha washindani, na mpaka leo mnaiona kwenye bastola zile zenye darubini na kompensata, kile kifaa cha mdomoni kinachopunguza kuruka. Kila nikisikia mtu analaumu risasi zake kwa shabaha mbaya namkumbuka Stone. Mimi mwenyewe nimewahi kulaumu risasi.

Na kabla yake, mwaka 1917, Wamarekani walipoingia Vita Kuu ya Kwanza, bastola za jeshi lao, zile za .45 za modeli ya 1911, hazikutosha. Wakawaagiza Colt na Smith & Wesson watengeneze rivolva zinazotumia risasi ileile ya .45 isiyo na ukingo. Smith & Wesson walichonga kangazi ndani ya kila chemba, risasi ikasimama kwa mdomo. Colt wa mwanzo walitoboa moja kwa moja, bila kangazi. Ukiweka risasi peke yake ilizama mpaka pini haiifikii. Ilibidi zishikwe tatu tatu kwenye kipande cha bati chenye umbo la nusu mwezi, na hicho kibati ndicho kilichokuwa hedispesi. Askari akipoteza kibati, ana rungu zuri la chuma. Baadaye Colt nao wakachonga.

Haya, upimaji. Kwenye karakana ninazo geji, vipande vya chuma kigumu vilivyosagwa kwa kipimo. Moja ni ya kukubali: slaidi lazima ifunge juu yake. Nyingine ni ya kukataa: slaidi isifunge. Kwa .45 ile ya kukubali ni inchi 0.898, na kikomo cha mwisho ni 0.920, ikifunga hapo hiyo bastola haitoki mlangoni kwangu ikiwa na risasi. Kabla ya kupima, kulabu natoa. Hii wengi wanaisahau, hata mafundi. Ukiiacha kulabu ndani itaishika geji vilevile inavyoshika risasi, itakudanganya vilevile. Chemba naisafisha mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu masizi kwenye kangazi yanahesabika kama chuma. Halafu slaidi naisukuma kwa kidole gumba, kwa upole wa mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Ukiiachia ipige kwa springi umeshaharibu geji, umeharibu na kangazi, na umepima nguvu ya springi badala ya chemba.

Nikikuta kipimo kimezidi, kuna mambo mawili yanayofanana kwenye geji lakini si ndugu. La kwanza, kangazi kamechimbwa mbele mno. La pili, chemba ni sawa lakini mtutu unakaa mbali na uso wa slaidi, labda meno ya kufungia yamelika, labda kiungo cha chini cha 1911 kimechoka. Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye la kwanza, makalio ya ganda bado yamo ndani ya chuma. Kwenye la pili, sehemu ya nyuma ya ganda imebaki uchi, nje ya chemba, na psi elfu thelathini na tano zinatafuta pa kutokea. Kwa hiyo namba ya geji peke yake hainitoshi. Naangalia pia ulimi wa mtutu na uso wa slaidi vinakutana vipi.

Nyinyi ambao mmenunua mtutu mpya mkaupachika wenyewe nyumbani mezani, ninawajua, msijifiche nyuma ya mwenzako. Bastola za siku hizi zinachongwa kwa mashine za kompyuta na mitutu yake hubadilishana bila shida, mara nyingi. Kwenye 1911 usithubutu. Ule mtutu huja na chuma cha ziada makusudi, ili fundi akisugue mpaka kikae, na atakayekisugua kupita kiasi hawezi kukirudisha.

Naona mkono kule. Ndiyo, mama.

(Mwanachama aliuliza: kila jioni yeye hutoa risasi iliyo kwenye chemba, asubuhi anairudisha ileile. Je, hilo linaharibu hedispesi?)

Swali zuri, na nusu ya ukumbi inafanya hivyohivyo. Hedispesi haiharibiki kwa hilo. Kinachoharibika ni kingine, na watu huvichanganya. Risasi inapopanda kutoka magazini, pua yake inagonga ile njia ya chuma. Ikigonga kila asubuhi, kichwa kinaanza kuzama ndani ya ganda. Ganda halijabadilika, litalia tok kama kawaida, litasimama kwenye kangazi kama kawaida. Lakini nafasi ya baruti ndani imepungua, na presha hupanda kwa kasi ambayo hutaiamini. Hili jaribio la tok halilioni. Mama, chukua risasi uliyoirudisha wiki nzima, isimamishe mezani kando ya mpya ya boksi lilelile. Ukiona ni fupi hata kidogo, hiyo umeshaipiga kwa mkono, usiipige kwa bastola. Itenge, mrudishie muuzaji wako aiandike na kuiharibu. Na usizungushe moja ileile kila siku.

Kwa kuwa tumefika hapo: kuna wanaoweka risasi kwa vidole moja kwa moja kwenye chemba, halafu wanaiachia slaidi ipige. Kulabu haikuzoea kuruka juu ya ukingo, imezoea ukingo uje kutoka chini. Kwenye 1911 hasa, utaichosha, itapoteza mvuto wake au itavunjika jino. Risasi ipande kutoka magazini.

Ndiyo, mzee wangu pale mbele, umeinua mkono mara ya tatu.

(Aliuliza: na ile bastola ya yule bwana wa suti?)

Nilidhani hamtauliza. Niliisafisha, nikatoa kulabu, nikapima. Chemba ilikuwa nzuri, 19.3 na kidogo, haina kosa lolote. Ila nilipoitazama ile kulabu kwa kioo cha kukuzia, pembe ya jino ilikuwa imemeguka, kipande kama punje ya chumvi. Ilikuwa imebeba mzigo usio wake kwa maboksi mawili. Nikaweka mpya. Bwana akaja kuchukua, akauliza bei, akashtuka, akasema, "Kijino hiki tu?" Nikamwambia ndicho hicho.

Chai naona imefika. Mitutu iko mezani, njooni wawili wawili, mzijaribu zile risasi za mafunzo mmoja mmoja. Nimechanganya humo moja ya Kurz. Nataka kuona nani ataigundua kwa sikio.